Kratomu: jinsi jani linavyotetewa mbele ya sheria, na nafasi ya mtu wa Kigoma

Kigoma ina ndugu wengi Marekani kuliko watu wa Dar es Salaam wanavyodhani. Hawakwenda kwa viza ya masomo. Ni Wakongo waliokaa miaka mingi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, wakafanyiwa usaili mara kadhaa, hatimaye wakahamishiwa huko wakiacha wakwe na washirika wa biashara Makere na Kasulu mjini. Ndiyo maana habari za huko hutufikia mapema, ikiwemo hii ya kratomu: kwamba jani hilo lililosagwa linauzwa kwenye maduka ya vituo vya mafuta, kwamba linatuliza mgongo wa mtu anayesimama zamu nzima kiwandani, na kwamba katika jimbo fulani wabunge wanataka kulipiga marufuku na watu wanakusanya saini kupinga. Kisha yanakuja maswali. Huko mnalo? Tuwatumie? Na ninyi mnaweza kusaidia kulitetea?

Ni maswali matatu yenye majibu tofauti, lakini kwenye mazungumzo huunganishwa kuwa moja. Nitayatenganisha, na niseme mapema ninachokiona mimi: mahali jani hili lilipopona marufuku, halikupona kwa sababu watetezi wake walithibitisha kuwa halina madhara. Lilipona pale walipokuwa tayari liwekewe masharti, wakayapendekeza masharti hayo wenyewe.

Jani lenyewe

Kratomu ni mti wa Asia ya Kusini-Mashariki. Unaota Thailand, Malaysia na Indonesia hadi Papua New Guinea. Jina lake la kitaalamu ni *Mitragyna speciosa*, nao ni wa ukoo mmoja na mbuni, kwa hiyo ni jamaa wa mbali wa kahawa inayolimwa Manyovu. Wakulima na wagema mpira wa kusini mwa Thailand wametafuna majani yake mabichi kwa vizazi ili wavumilie jua na uchovu. Malaysia huyaita ketum na huyachemsha kama chai.

Ndani ya jani kuna kemikali mbili zinazotajwa sana kwenye mjadala. Ya kwanza ni mitrajinini, ambayo ndiyo nyingi. Ya pili ni 7-haidroksimitrajinini, ambayo wengi huifupisha kuwa 7-OH. Katika jani la kawaida imo kidogo mno, lakini nguvu yake ni kubwa. Zote mbili hushika vipokezi vya ubongo ambavyo mofini pia huvishika, ingawa namna zinavyofanya kazi hailingani kabisa na ya mofini. Mtu akitumia kidogo huchangamka. Akitumia kingi hupoa, maumivu hupungua, usingizi humjia.

Mgogoro wote umezaliwa hapo. Aliyekuwa mtumiaji wa heroini, au aliyezoea vidonge vya maumivu vya jamii ya afyuni, hukuta jani hili linamtuliza arosto, yaani mateso ya kukosa dawa aliyoizoea. Kwake ni ukombozi, na ukimwambia serikali inataka kulifuta atatetemeka kweli. Ndugu zetu wanaokutana na watetezi wa kratomu Marekani mara nyingi wanakutana na mtu wa namna hiyo, si mhuni anayetafuta kulewa.

Lakini jani linalomtoa mtu kwenye uraibu mmoja linaweza kumwingiza kwenye mwingine. Wanaotumia kila siku kwa wingi hupata arosto ya kratomu yenyewe wakiacha ghafla. Kuna taarifa za kitabibu za ini kuumia, za degedege, na za watoto wachanga waliozaliwa na dalili za arosto kwa sababu mama alikuwa akitumia akiwa mjamzito. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilipitia vifo 27,338 vya kuzidisha dawa vilivyotokea kati ya Julai 2016 na Desemba 2017. Kratomu ilikutwa kwenye miili 152, na katika vifo 91 ilitajwa miongoni mwa visababishi. Wengi wao walikutwa pia na fentanili au heroini. Ni saba tu ambao vipimo havikuonyesha kitu kingine, na hata kwao watafiti hawakuweza kuondoa kabisa uwezekano kwamba kitu kingine kilikuwepo.

Tazama namba hizo zinavyotumiwa. Anayetaka marufuku husimama kwenye 91 na kunyamaza. Mfanyabiashara husimama kwenye saba, na baadhi yao hata hiyo saba huifuta. Mtetezi anayetaka kuaminiwa na mbunge au daktari inabidi azitaje zote kwa kinywa chake mwenyewe, kabla hajatajiwa.

Thailand: marufuku ya miaka 78

Thailand ilipitisha sheria ya kukataza kratomu mwaka 1943. Wanaoandika historia ya sheria hiyo wanaeleza kwamba sababu kubwa haikuwa afya. Serikali ilikuwa ikipata mapato kutokana na kodi ya afyuni. Watu walipoona afyuni ni ghali wakageukia jani linalootea uani, na hazina ikaumia. Mwaka 1979 kratomu ikaingizwa kwenye sheria ya dawa za kulevya, kundi moja na bangi. Wakulima wa kusini waliendelea kutafuna. Miti ilikatwa, watu walikamatwa, na bado waliendelea.

Mageuzi hayakuja kwa siku moja. Watafiti wa vyuo vikuu vya huko walifanya kazi ndefu na ya kuchosha: kuwahoji watumiaji vijijini, kupima, kuandika nani anatumia kiasi gani na anapata nini. Mwisho wa mwaka 2018 bunge likaruhusu matumizi ya kitabibu. Kisha likaja jaribio ambalo mimi naliona ndilo somo kubwa kuliko yote kwa nchi kama yetu. Kata ya Nam Phu, mkoani Surat Thani, iliteuliwa kuwa eneo la majaribio, ambapo wakazi walijiwekea kanuni zao wenyewe juu ya miti na matumizi yake. Serikali ikapata kitu cha kuangalia badala ya kubishana kwa kubahatisha.

Tarehe 24 Agosti 2021 kratomu ikaondolewa kwenye orodha ya dawa za kulevya ya Thailand, na maelfu ya watu waliokuwa na kesi au hukumu zinazohusu jani hilo wakanufaika. Mwaka uliofuata ikaja sheria maalumu ya mmea huo. Haikuacha mambo holela: ni marufuku kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18, mjamzito au anayenyonyesha. Wanaosema tu kwamba Thailand iliruhusu wanasahau nusu hiyo ya habari.

Marekani: saini, na kilichofuata baada ya saini

Mwishoni mwa Agosti 2016 shirika la Marekani la kupambana na dawa za kulevya, DEA, lilitangaza nia ya kuiweka kratomu kwa dharura kwenye kundi la kwanza, pamoja na heroini. Kwa utaratibu wa dharura wananchi hawaulizwi. Walijiuliza wenyewe. Zaidi ya watu 140,000 walitia saini ombi lililopelekwa Ikulu ya nchi hiyo, watu waliandamana mbele ya jengo hilo mwezi Septemba, na wabunge 51 wa vyama vyote viwili wakaandika barua kutaka hatua hiyo isitishwe. Oktoba mwaka huohuo DEA ikaondoa tangazo lake na kufungua muda wa maoni. Yakamiminika maoni zaidi ya 20,000.

Hadithi hiyo husimuliwa sana kwa sababu ni tamu. Yaliyofuata hayasimuliwi sana, nayo ndiyo yaliyoamua mambo. Mwaka 2018 watu 199 katika majimbo 41 waliugua salmonela iliyohusishwa na bidhaa za kratomu. Kampuni moja ilikataa kurudisha mzigo wake, na mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ikatoa amri ya lazima ya kuondoa bidhaa sokoni, ya kwanza katika historia yake. Ghafla hoja kwamba kitu cha asili hakina tatizo ikakosa pa kusimama. Bakteria haijali kama jani ni la asili.

Kwa bahati, baadhi ya watetezi walielewa. Badala ya kuendelea kusema msiguse jani letu, walibeba muswada wa kumlinda mtumiaji: bidhaa isichanganywe na vitu vingine, kiasi cha 7-OH kiwe na ukomo, pakiti iwe na maelezo, watoto wasiuziwe. Utah ikawa jimbo la kwanza kuupitisha, mwaka 2019, na Georgia, Arizona na Nevada zikafuata mwaka huohuo. Rhode Island, iliyokuwa imekataza kabisa, ilipitisha mwaka 2025 sheria ya kuruhusu kwa masharti. Majimbo mengine hayakusogea. Alabama, Arkansas na Indiana zililipiga marufuku. Kwa hiyo ndugu yako akihama jimbo kufuata kazi, kilicho halali dukani alikotoka kinaweza kumpeleka rumande anakokwenda. Hilo peke yake linatosha kumpigia simu.

Ngazi ya dunia nayo imeguswa. Mwaka 2021 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani iliipitia kratomu na kuona ushahidi hautoshi kupendekeza uchambuzi wa kina kuelekea udhibiti wa kimataifa. Ikaacha jambo hilo chini ya uangalizi. Uangalizi si kibali. Ni kusema: bado tunatazama.

Kisha 7-OH ikatoka ndani ya jani. Wafanyabiashara walijifunza kuitengeneza kwa wingi na kuiuza kwenye vidonge na pipi, nguvu yake mbali kabisa na ya jani la mkulima wa Surat Thani. Julai 2025 FDA ikapendekeza 7-OH iliyokolezwa iwekwe kwenye udhibiti mkali, huku ikisema wazi kwamba shabaha yake si jani la kawaida. Watetezi wakagawanyika palepale. Waliozoea kusema kratomu ni kratomu wakalazimika kuchagua wanatetea jani au wanatetea kiwanda.

Tanzania ina sheria tatu hapa, si moja

Sasa turudi mwisho wa reli. Ukiuliza kama jani fulani ni halali Tanzania, unaowauliza ni watu watatu.

Kuna kwanza Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, inayosimamiwa na mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya, DCEA. Sheria hiyo inagusa mimea pia, na mfano unaojulikana na kila mtu ni mirungi. Nchini Kenya ni zao la biashara linalotambuliwa na sheria, lina wakulima na wanasiasa wake. Ukivuka mpaka kuja Same, ni kosa la jinai na mashamba yanafyekwa. Jani ni lilelile, na wanaolitafuna ni watu wa aina moja. Kinachotofautiana ni sheria. Tena usidhani sayansi peke yake hushinda. Januari 2013 baraza la wataalamu linaloishauri serikali ya Uingereza lilipendekeza mirungi isikatazwe. Serikali ikasoma ripoti, ikashukuru, na Juni 2014 ikakataza. Wakulima wa Meru ya Kenya walipoteza soko kwa sababu za kisiasa, siyo za maabara.

Ya pili ni Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, chini ya mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA. Ukishasema kitu kinatibu mgongo au kinaondoa arosto, umekiita dawa, na dawa kutoka nje huingia kwa usajili au kibali. Hapa ndipo jibu la ndugu anayetaka kutuma pakiti lilipo. Asitume, na asibebe akija likizo, mpaka DCEA na TMDA wawe wamejibu kwa maandishi. Afisa wa uwanja wa ndege au wa bandari ya Kibirizi hatasikiliza maelezo kwamba kitu kilinunuliwa dukani kihalali huko kilikotoka. Kutoonekana kwa jina kwenye orodha moja hakumaanishi ruhusa kwenye nyingine mbili.

Ya tatu ni Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyounda Baraza linalosajili waganga, vituo na dawa zao. Hii huwa inasahaulika, na kwa maoni yangu ndiyo iliyo karibu zaidi na mtu wa Kasulu au Uvinza. Halmashauri zina waratibu wa tiba asili. Mganga husajiliwa kuanzia kijijini kwake, kupitia ngazi za serikali za mitaa. Dawa yake inaweza kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ikachunguzwa. Ni njia ndefu yenye makaratasi, lakini ipo.

Kutetea kwa namna inayosikilizwa

Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 21(2), inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye, maisha yake au Taifa. Kudai sheria ifanyiwe mabadiliko ni haki. Kuuza, kugawa au kushawishi watu watumie kitu kilichokatazwa ni jambo jingine kabisa, na watu wengi huangukia hapo: anaanza na andiko la kutetea, anamalizia na namba ya simu ya oda. Ukitetea, usiuze. Ukiuza, usijiite mtetezi. Na usipande mtandaoni kutoa ushuhuda wa namna ulivyotumia kitu ambacho hujajua sheria ya nchi yako inakisemaje.

Njia zinazosikika hapa nchini hazina mbwembwe. Muswada unapofika bungeni, kamati husika huita maoni ya wadau, na maoni ya maandishi yenye kurasa mbili zilizonyooka husomwa kuliko hotuba. Mbunge anaweza kuuliza swali la msingi na la nyongeza kwa waziri, na jibu lake huingia kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge, ambazo utazinukuu miaka mitano baadaye. Kikundi kinachotaka kudumu husajiliwa kama shirika lisilo la kiserikali, ili barua yake iwe na mwenyewe.

Lakini barua inabeba nini? Kwenye hili tuna mifano miwili ya kwetu.

Mwaka 2011 nusu ya nchi ilipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila. Ushuhuda ulikuwa mwingi kuliko foleni. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika, kabla ya kikombe na baada yake, nani alikuwa na ugonjwa gani kwa kipimo gani. Maelfu ya sauti, na mezani hakukuwa na kitu cha kuweka.

Mfano wa pili uko mkoani kwetu na haujulikani sana. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale, mtafiti Michael Huffman alikuwa na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyeijua misitu hiyo na dawa zake. Walimwona sokwe jike aliyedhoofika akimenya kijiti cha mjonso, mti mchungu ambao Watongwe huutumia kwa maradhi ya tumbo, akafyonza maji yake. Siku iliyofuata alikuwa amepata nguvu. Huffman hakuujua mti huo kama dawa. Kalunde ndiye aliyeujua. Waliandika ni sehemu gani ya mti, ni hali gani ya mnyama, ilichukua muda gani kubadilika, na mwaka 1989 wakachapisha kwa majina ya wote wawili. Kuanzia hapo maabara zikaanza kuuchambua mjonso. Sokwe mmoja, aliyeandikwa vizuri, amefungua mjadala wa kisayansi ambao mamia ya ushuhuda usingeufungua.

Anayetaka kuitetea kratomu, au mti wowote wa kwetu ambao anaona unanyimwa haki yake, angeanza kwa namna hiyo. Daftari. Umri wa mtumiaji, kiasi, siku, kilichopona na kilichoharibika. Hasa kilichoharibika, maana hiyo ndiyo safu ambayo waziri ataitafuta kwanza.

Na serikali yetu si jiwe kwenye mambo haya. Mwaka huohuo wa 2011 Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni kwa waraibu wa heroini. Methadoni nayo ni ya jamii ya afyuni. Ukiipeleka mtaani ni hatari. Ilikubaliwa kwa sababu walioiombea hawakusema haina madhara. Walisema inatolewa kwa kipimo, mbele ya muuguzi, kila siku, na kwamba inapunguza kujidunga sindano na maambukizi ya VVU. Hoja ilikuwa ya afya na ya utaratibu. Mtu wa Kigoma mwenye ndugu anayepambana na arosto ampeleke kwanza kwenye huduma kama hiyo, kabla ya jani lolote la kuagiza.

Limebaki suala la fedha, ambalo watetezi hawapendi kuulizwa. Marekani baadhi ya vyama vinavyoitetea kratomu vimekosolewa kwa ukaribu wao na wauzaji, na ulipozuka ugomvi wa 7-OH ilionekana wazi kwamba wauza jani na wauza vidonge walikuwa na masilahi mawili tofauti, kila upande ukiwa na wasemaji wake. Haimaanishi hoja zao ni za uongo. Ina maana kwamba ukitumiwa ombi la kutia saini, au ukialikwa kwenye kampeni, uliza mambo manne kabla ya kuandika jina: nani anailipia, kinachotetewa ni jani au kemikali iliyokolezwa, wanapendekeza masharti gani, na je, madhara wameyaandika ukurasa wa kwanza au wameyaficha wa mwisho.